Mume wangu kaviita viporo

Shikamoo Anti. Ni saa kumi alfajiri, sijafumba jicho. Yeye anakoroma hapa pembeni kama hakusema kitu.

Kaviita viporo. Viinitete vyetu vitatu, yaani mimba changa zilizotungwa maabara kwa mbegu zetu, vilivyogandishwa India, Anti, anasema "hivyo viporo tunavilipia vya nini?" tena mbele ya mama yake. Binti yetu alitoka kundi hilohilo, siku ileile. Daktari angechukua kingine, huyuhuyu anayemfunga kamba za viatu kila asubuhi ndiye angekuwa kiporo.

Unawajua wakwe. Miaka tisa naitwa mgumba, mpaka tukauza kiwanja cha Chanika tupande ndege. Na sindano zilidungwa tumboni kwangu, si kwake.

Sasa imekuja fomu: tuendelee kulipia, viachwe vife, au vitolewe kwa utafiti wa seli shina, zile seli changa zinazoweza kugeuka seli ya aina yoyote mwilini. Kulipia nako si milele, sheria yao ya 2021 haitaki vikae zaidi ya miaka 10. Mume wangu keshasaini utafiti, kwa ajili ya mdogo wake aliyeanguka na bodaboda akavunjika uti wa mgongo. Mtu asiseme sina huruma na shemeji. Mimi ndiye niliyemgeuza kitandani miezi minne asipate vidonda. Lakini nilimpigia daktari wa huko, akanijibu wazi: seli hizo ni za maabara, hakuna itakayomfikia mgonjwa wetu. Nilipomweleza mume wangu akanyamaza, kisha akalirudia lile neno.

Ndoa yetu ni ya bomani, yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki. Anasema roho hupulizwa siku ya 120, hivi ni vya siku tano, nukta tu. Kwetu ni uhai tangu kutungwa mimba. Padre siwezi kumwendea, maana hata kupandikiza kwenyewe Kanisa halikubali, nitaanzia wapi?

Usiku huu nimesoma kwenye simu mpaka macho yanawasha. Wamarekani walizipata seli hizi kwa binadamu mara ya kwanza 1998, na kuzitoa ni mpaka kiinitete kivunjwe. Kisha Mjapani Yamanaka, 2006, akazigeuza seli za ngozi ya panya zikawa kama hizo, mwaka uliofuata za binadamu, 2012 akapewa Nobel. Kama ngozi inatosha, vyangu vya nini? Mbele kidogo nikasoma kwamba watafiti bado wanazihitaji zile za asili, wazilinganishe. Nikalia. Shemeji ana miaka 26, Anti. Na kama kuna kijana wa watu angekuja kutembea siku moja, mimi nikaacha vife bure?

Sitaki mtoto mwingine, hilo lieleweke. Nina miaka 43, ada ya huyu mmoja inatutoa jasho. Ila mwezi uliopita nilimuuliza yule daktari kama kwa umri wangu naweza kubeba kimoja. Niliuliza tu. Akasema tunaweza kujaribu, lakini lazima mume aridhie.

Je, nisaini? Nadhani ningekuwa nimesaini zamani, kama angekaa nami hata jioni moja tukavililia kidogo. Kiporo ni ugali wa jana, Anti.

Anadhani fomu nimeshaituma. Iko chini ya godoro, upande wangu.

Mama wa mmoja, Tabata