Wazazi tusiwafukuze watoto dukani

Mhariri, naomba kanafasi niseme na wazazi wenzangu, na walimu pia kama watanisoma.

Mie nina kaduka ka mchele na maharage huku Mbagala. Kijana wangu yuko darasa la tano na hesabu zinampiga chenga kweli kweli, juzi kaja na daftari, zoezi la desimali kapata 3 kati ya 10. Mbona hivi? Mama, desimali ngumu. Haya. Jioni ileile kaja mteja anataka mchele kilo moja na robo tatu, kilo ni 2,400, katoa noti ya elfu kumi, mie bado natafuta simu nipige kalkuleta dogo keshasema "4,200", anahesabu na chenji mkononi kwa mteja, mia nane hii inakuwa elfu tano, na buku tano hii, kumi. Kalamu hajashika.

Sasa huyu ndo wa 3 kati ya 10?

Nikafungua daftari. Swali la kwanza, ipi kubwa, 0.25 au 0.5, yeye kaandika 0.25. Kisa eti 25 inaizidi 5! Nikachukua mawe ya mizani, la robo huku, la nusu kule, upande wa nusu ukashuka pwaa. Nikamwambia hiyo robo ndo 0.25 yenu. Kakaa kimyaa, halafu kacheka, "kumbe robo tu!"

Yaani robo anaijua tangu mdogo, ila hakuna aliyemwambia kwamba shuleni inavaa nguo nyingine. Na sisi wazazi mtoto akisogea kwenye mizani tunamfukuza, nenda kasome, halafu tunatoa hela ya tuisheni. Siku hizi kwangu akiuza lazima aandike kwanza, 1.75 mara 2,400, ndo chenji itoke, kuna wateja wananuna lakini watazoea. Sisemi mtoto afanywe muuzaji, saa moja usiku wangu yuko ndani. Na usiye na duka, chapati si unapika? Chapati nne watoto watatu, waache wagawane wenyewe halafu waandike kila mmoja kala ngapi, utaona ugomvi wake.

Walimu nanyi pelekeni mizani darasani hata siku moja. Mwenye kutaka yangu aje asubuhi, wateja wangu huanza kuja saa kumi jioni.

Mama muuza mchele,
Mbagala, Dar es Salaam