Asiyejua kukandamiza kifua asipewe leseni

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe hoja moja: mtu asiyejua kukandamiza kifua cha aliyesimama moyo ghafla asipewe leseni ya udereva. Nawataja madereva kwa sababu daladala, bodaboda na mabasi ya mikoani yanafika hata pale ambapo gari la wagonjwa halijawahi kuonekana.

Wazo hili si langu. Denmark waliingiza mafunzo hayo katika shule za msingi mwaka 2005, na mwaka uliofuata wakayafanya sharti la leseni. Mwaka 2001, kati ya kila watu 100 waliosimama moyo nje ya hospitali, 21 tu walikandamizwa kifua na watu waliokuwapo kabla ya gari la wagonjwa kufika. Kufikia 2010 walikuwa 45. Waliokuwa hai siku 30 baadaye walipanda kutoka 3.5 hadi 10.8 kwa kila 100. Watafiti waliochapisha takwimu hizo mwaka 2013 walikiri kwamba matibabu mengine nayo yaliboreshwa miaka hiyohiyo, kwa hiyo sifa zote haziendi kwa mikono ya raia. Mimi hata nusu ya sifa inanitosha.

Kwetu, ikizungumzwa dharura ya moyo, mjadala huishia kwenye dawa za kununua. Basi tazama adrenalini, ambayo imedungwa kwa wagonjwa hawa miaka nenda rudi. Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, kiliongoza utafiti wa wagonjwa zaidi ya 8,000: nusu walipewa adrenalini, nusu maji ya chumvi, na wahudumu wenyewe hawakujua nani kapata nini. (Kwa kuwa aliyezimia haombwi ridhaa, raia asiyetaka kuhusishwa aliweza kuagiza bangili ya kuvaa mkononi. Ningependa kusikia kamati zetu za maadili zikilijadili hilo.) Matokeo yalitoka mwaka 2018. Waliokuwa hai baada ya siku 30 ni 3.2 kwa kila 100 upande wa dawa, na 2.4 upande wa maji. Lakini kati ya walionusurika, wenye ulemavu mkubwa wa ubongo walikuwa asilimia 31 upande wa dawa, dhidi ya 18 hivi upande wa pili. Watafiti waliweka hesabu wazi: ili adrenalini iepushe kifo kimoja, lazima wapewe watu 112. Kifua kikikandamizwa na aliye karibu, 15 wanatosha. Kwa mashine ya kushtua moyo kwa umeme, 5.

Na huko gari lilifika kwa kawaida dakika 7 hivi baada ya simu, dawa ikaingia mwilini kwenye dakika ya 21. Kwetu dakika saba huisha watu wakibishana kama ni kifafa au pombe.

Katika miaka yangu ya uuguzi, kilichoniumiza zaidi ni maneno "anapumua huyo". Moyo ukisimama, mgonjwa huweza kuendelea kukoroma na kuvuta pumzi moja moja, kwa vipindi. Watu humfungua mkanda, humpepea kwa kanga, mwingine humwagia maji. Kule si kupumua. Asiyeitika na asiyepumua sawasawa anahitaji mikono kifuani pale pale, kwani kila dakika inayopita bila mikono wala mashine, uwezekano wa kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Weka kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, ukandamize kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Wanaoogopa kugusana midomo wasihangaike: tafiti za Japan na Sweden zimeonyesha kwamba mtu mzima aliyeanguka ghafla husaidika kwa mikono peke yake. Mtoto, au mtu aliyezama, huyo anahitaji na kupulizwa hewa.

Kijana wangu alipotoka chuo cha udereva nilikisoma kitini chake. Huduma ya kwanza ilikuwa orodha ya vitu vya kuweka kwenye sanduku: bandeji, plasta, mkasi.

Najua nitaulizwa: utakandamiza mpaka lini kama gari haliji? Ni swali la haki. Mikono hununua muda tu. Mara nyingi umeme ndio unaourudisha moyo kwenye mdundo. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwafuatilia walinzi wa majumba ya kamari Marekani waliofundishwa kutumia mashine hiyo. Wagonjwa walioshtuliwa ndani ya dakika 3 tangu kuanguka, asilimia 74 walitoka hospitali wakiwa hai. Kama mlinzi wa kamari ameweza, mlinzi wa Stendi ya Magufuli anashindwa nini? Muhimbili ina idara ya dharura tangu 2010 na imeshafundisha mabingwa wake. Hao ndio watuhesabie wangapi huanguka stendi na sokoni, ili tusiendelee kupanga kwa takwimu za watu wenye gari la dakika saba.

Kwa sasa naomba dogo. Kikosi cha Usalama Barabarani kiweke mdoli wa mazoezi kwenye jaribio la udereva, dakika mbili kwa kila mtahiniwa. Asiyefikisha kina, arudi siku nyingine.

Muuguzi mstaafu,
Tanga