Umechomoa diski, nani kaandika?

Rafiki yangu,

Huku tu wazima. Barua yako nimeisoma mara mbili, na swali lako la mwisho limenikaa kichwani wiki nzima. Umechomoa diski kwenye kompyuta yako ya zamani, ukaiwasha kwa kujaribu tu, nayo ikawaka na kuandika kwamba haioni diski. Unauliza: nani kaandika maneno hayo, na diski unayo mkononi?

Yametoka kwenye ROM, yaani kumbukumbu ya kusoma tu. Ni chipu ndogo iliyo kwenye mazabodi. Unapobonyeza kitufe, RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, haina lolote la maana, kwa sababu umeme ukikatika hupoteza kila kitu. Prosesa nayo haijui hata diski ni nini. Inajua kwenda mahali pamoja tu, anwani iliyopangiwa tangu kiwandani, ikasome amri ya kwanza. Kwa prosesa ya 8086 ya mwaka 1978, anwani hiyo ni FFFF0: zimebaki baiti 16 tu kumbukumbu yake iishe. Kwa nafasi finyu hivyo haiandikwi programu, huwekwa amri ya kuruka: nenda kule. Huko kule, ndani ya ROM, ndiko iliko BIOS, programu ya kuwashia kompyuta, inayokagua RAM na kibodi, kisha ikaanza kutafuta diski. Yako ilitafuta, ikakosa, ikakwambia.

Jina la “kusoma tu” zamani lilikuwa kweli tupu. Kompyuta ya vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini, programu yake ilifumwa kwa mikono: waya ukipita ndani ya kijipete cha sumaku ni moja, ukipita nje ni sifuri. Ukikosea, ufumue! Mwaka 1971 Dov Frohman wa Intel akaleta EPROM, ROM ambayo unaweza kuifuta. Ninayo moja hapa mezani. Juu ina kidirisha cha kioo, na ukichungulia unaona kipande cha silikoni kinameta. Huanikwa kwenye taa ya urujuanimno dakika kadhaa, maandishi yakafutika. Ndiyo maana mafundi hubandika karatasi juu ya kidirisha.

Siku hizi BIOS hukaa kwenye flashi, aina ya chipu ya kumbukumbu, huandikwa upya bila hata kufungua kompyuta. Ni raha, ila mimi naona tumejifungulia mlango. Tarehe 26 Aprili 1999 virusi vya CIH viliharibu BIOS za kompyuta nyingi, na mashine ya namna hiyo haiwaki tena mpaka chipu iandikwe upya au ibadilishwe. Kwa hiyo ukitaka kusasisha yako, hakikisha umeme hautakatika katikati.

Na ile saa ya kompyuta yako inayorudi nyuma kila ukizima, usiilaumu ROM. Saa na mipangilio hutegemea betri ya duara, CR2032, iliyo papo hapo kwenye mazabodi. Ibadilishe kabla hujarudisha diski, maadamu umeshafungua.

Wako,
rafiki yako wa siku zote