Risala ya madelege banafunzi mbele ya mugeni wa heshima, Fakilte ya Veterinere, Lubumbashi

Mugeni wetu wa heshima Papa Docta, Bwana Duwayeni mukubwa wa fakilte yetu, baprofesa na baasista, bakubwa ba madepo ya dawa mulioacha kazi zenu mukakuja mupaka huku, bandugu banafunzi, jambo yenu bote.

Sisi banafunzi tunaotumika kama madelege ba makampuni mu fakilte yetu tumepewa nafasi ya kusoma risala, na juu jua iko kali na bukari iko inangoja tungesema maneno mbili tukae, lakini Papa Docta utuvumilie, kuko mambo tuliyaweka mu roho tangu mwaka ya masomo ianze na mutu wa kuyasikia alikuwa hajafika.

Kwanza tueleze kazi yenyewe, juu hata bazazi betu bengine mupaka leo hawajaielewa. Banasikia delege, banafikiri mutoto ameingia politike. Kampuni inayotengeneza ao kuingiza vaksen, dawa ya kupe ao provande (chakula ya banyama) inachagua mwanafunzi, inamupa foromasyo, tishati, notisi na kidogo ya transpo, na yeye njo anaieleza kampuni kwa benzake mu oditware na kwa bafugaji inje. Kule Marekani ni kintu cha kawaida kabisa, makampuni ya chakula cha mbwa na pushi (paka) kama Hill's, Purina na Royal Canin iko na banafunzi bao mu mashule ya veterinere, banapanga konferansi saa ya midi na chakula mezani, mwanafunzi ananunua chakula cha mbwa yake kwa bei ya chini. Na kulekule kuko bale hawaipendi hii desturi, banasema mutu aliyekula sahani ya kampuni leo, kesho akiandika ordonansi mukono utaenda wenyewe ku ile jina. Hawana kosa, tutarudia hapo.

Lakini huku Lubumbashi kazi imechukua sura yake. Huku mbwa bengi hawajui kroketi, banakula mabaki ya bukari, na mutu anayetutafuta sana ni mama wa kuku.

Chukua vaksen ya Newcastle, ule ugonjwa unaomaliza kuku, vaksen yenyewe banaiita La Sota. Inakuja mu kachupa ka doze 500 ao 1000, inatakiwa ikae kati ya digri 2 na 8, na ukishaichanganya na maji kuku bainywe yote mu saa mbili hivi, ikipita pale umetupa falanga. Sasa mama wa komini ya Katuba mwenye kuku 30, hizi doze zingine azipeleke wapi? Njo maana bengi hawachanji, na ugonjwa ikipita mu kartye inafagia parsele moja mupaka ingine. Madelege bakaanza kupanga avenyi kwa avenyi, bamama banachanga falanga, kachupa kamoja, glasiere moja ya kushika baridi, siku moja, asubuhi mapema mbele ya jua, na kuku bananyimwa maji kidogo kusudi bakuwe na kiu. Na maji ya robine iko na klori, klori inaua vaksen, kwa hiyo unatia kwanza unga ya maziwa isiyo na mafuta, kama gramu 2 na nusu ku litri, unangoja, ndipo unatia vaksen. Hii yote iko mu silabusi, mutu anaweza kuikariri na kupata pwenti nzuri ku egzame. Ila kuieleza kwa Swahili kwa mama anayekuuliza "sasa mwanangu, hii maziwa ni ya kuku ao ni ya mutoto?", pale njo unajua kama uliielewa.

Kuko pia vaksen I-2, ilitengenezwa Australia ku Chuo Kikuu cha Queensland kusudi ivumilie joto kwa kuku ba kijiji, unatia tone moja mu jicho na kurudia kila miezi mine. Haiko mu makartoni ya makampuni tunayotumikia, na mwenzetu mumoja alipoulizwa na mufugaji mwenye hana frigo akaitaja wazi, mbele ya mukubwa wa depo. Meza ikanyamaza kidogo, hahaha. Sisi tunaona alifanya kazi yake.

Kintu ingine ni dawa ya kupe ya mbwa yenye permetrini. Mbwa anaivumilia, pushi hapana, mwili wake hauwezi kuivunja, anaanza kutetemeka, anapata degedege, anaweza kufa. Mutu amenunua kachupa ya mbwa, anaona pushi naye anajikuna, anagawia. Delege aliyesoma farmakoloji anauliza mbele ya kuuza: ku nyumba kuko pushi? Pia tumejifunza kusoma kachupa kuanzia nyuma, juu jina kubwa ya mbele ni ya kampuni, dawa iko nyuma mu maandishi madogo, unakuta makachupa tatu za rangi mbalimbali na ndani ni antibiotiki moja tu, oksitetrasiklini ileile.

Papa Docta, sasa tunafika ku neno lenyewe, na tunalisema kwa heshima.

Kuko makampuni, hatutaitaja hata moja, inalipa delege kwa hesabu ya kartoni. Ukiuzisha nyingi primi (falanga ya nyongeza) inapanda, ukiuzisha kidogo unarudi kwa miguu. Ku provande haina neno sana. Lakini ku antibiotiki ni hatari, juu mwanafunzi mwenye minerivali (falanga ya masomo) haijalipwa hatamwambia mufugaji "kuku yako haiitaji dawa, badilisha malalo yake tu". Na antibiotiki ikitolewa bila sababu, bakteria zinaizoea: mwaka 2015 bachunguzi ba China balitangaza jeni mcr-1, inayofanya bakteria zishinde antibiotiki ya kolistini, baliikuta ku nguruwe, ku nyama ya kuuza na ku bagonjwa ba hospitali, na mu 2017 China ikakataza kolistini kama ya kukuzisha banyama. Kolistini ni dawa ambayo baganga ba bantu banaishika kama ya mwisho wakati zingine zimeshindwa. Tena kuko mayai: pondezi (kuku wa mayai) akipewa antibiotiki, mayai yake haitakiwi kwenda ku soko mupaka siku za kungoja zilizoandikwa ku notisi ziishe. Bamama banatuuliza nani atabalipa ile mayai, na mutu anayelipwa kwa kartoni hana sababu ya kugusa ile ulizo.

Kwa hiyo tunaomba primi ikuwe ya mwezi, isipande na kartoni, na antibiotiki itoke kabisa mu mikono ya delege, ibakie kwa munganga aliyemaliza. Tunaomba kontra iandikwe, Bwana Duwayeni aione, juu kuko benzetu baliitwa ku mafoire wiki ya egzame na hawakujua kama banaweza kukataa. Profesa wa somo husika akae mu kila konferansi ya kampuni, hata kama hapendi sambusa zetu. Notisi zije na Swahili, hii Kifaransa ya maandishi madogo sisi benyewe inatutoa jasho. Na glasiere Papa, glasiere nzuri na barafu yake, juu kuran ikikatika mu kartye frigo ya mama inakuwa kabati.

Ya mwisho ni ya mbwa. Tarehe 28 Septemba, siku Louis Pasteur, mwenye alitengeneza vaksen ya kichaa cha mbwa, alikufa mu 1895, dunia inakumbuka kichaa cha mbwa, na lengo ni kusiwe mutu anayekufa nayo kwa kuumwa na mbwa mupaka 2030. Ili ugonjwa usimame inatakiwa mbwa 70 ku 100 bachanjwe. Mikono tuko nayo, oditware nzima iko tayari kushuka mu komini za Kenya na Ruashi bila primi yoyote. Tunachokosa ni vaksen, na makampuni inayokuwa nayo iko imekaa hapa, musitari wa mbele.

Bwana Duwayeni amesema maulizo itakuja kisha chakula, ila ulizo ya glasiere ametukubalia tupate jibu yake mbele ya chakula.

Ni sisi, madelege banafunzi.