Hakuna ugonjwa wa wingu la ubongo, na filamu yenyewe inalijua hilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwajibu wasomaji wenzangu waliotoa maoni kuhusu filamu ya Joe Versus the Volcano. Nimeyasoma yote, kisha nikayarudia. Wengi wameikataa. Mmoja ameiita upuuzi mtupu, mwingine anasema ilimshinda katikati, na wa tatu ameuliza watu wazima wanapata nini kumtazama mtu anayesafiri kwenda kujirusha ndani ya volkano, eti kwa kuwa daktari amemwambia ana ugonjwa ambao haupo duniani.

Huyo wa tatu ndiye aliyenifanya nishike kalamu, maana maneno yake ni yale yale ya mdogo wangu.

Mdogo wangu ni muuguzi. Mara ya kwanza tuliitazama pamoja, miaka mingi imepita, yeye akiwa amekaa sakafuni anakunja nguo. Kwa ambao hawajaiona: Joe Banks, anayeigizwa na Tom Hanks, ni karani katika kampuni ya vifaa vya tiba. Haishi kuumwa. Siku moja daktari anamwambia ana "wingu la ubongo", ugonjwa usiouma wala kutibika, na amebakiza miezi michache tu. Joe anaacha kazi. Mara tajiri mmoja anabisha hodi mlangoni kwake na kumpa kadi za benki atumie apendavyo, kwa sharti moja: aende kisiwa cha Waponi Woo akajirushe ndani ya volkano. Wenyeji wanahitaji mtu wa kumtuliza mungu wa mlima, naye tajiri anahitaji madini ya kisiwa kile.

Tulipofika kwa daktari, mdogo wangu aliweka shuka chini. Hakuna ugonjwa wa hivyo, akasema. Mtu anaambiwa anakufa, hapati hata wazo la kwenda kwa daktari wa pili? Akanyoosha mkono akazima, na mimi sikumzuia kwa sababu nami nilikuwa nimeshachoka.

Nilikuja kuimaliza peke yangu baadaye sana, na nilipofika mwisho nilibaki nimeshika kichwa. Patricia, binti wa yule tajiri, anapoisikia habari ya wingu la ubongo, anamshangaa Joe kwa jambo lile lile lililomshangaza mdogo wangu: ugonjwa wenye jina kama hilo, na hukutafuta daktari mwingine? Kumbe daktari yule ni mtu wa baba yake. Ugonjwa ni uongo uliopangwa ili apatikane mtu wa kujirusha. Filamu ilikuwa upande wa mdogo wangu tangu mwanzo, ila yeye aliizima kabla haijamwambia.

Kwa hiyo ninapomsoma msomaji anayesema aliacha kutazama kwa sababu ya ule ugonjwa, sipendi kumbeza. Alichokiona ni sahihi. Nasikitika tu kwamba alisimama hatua chache kabla ya jibu lake.

Sasa niseme kwa nini niliirudia. Nimefanya kazi ya masijala miaka 22. Chumba chetu hakikuwa na dirisha, kilikuwa na taa mbili ndefu za tyubu, na moja kati ya hizo ilikuwa inapepesa. Haikuzimika wala haikuwaka. Ilikuwa inatoa mlio mdogo kama mbu aliyeingia kwenye chupa. Niliandika barua tatu kuomba ibadilishwe, na nakala za barua hizo nilizihifadhi mwenyewe kwenye faili, kwani ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Mwenzangu alikuwa anaigonga kwa ncha ya rula, inatulia kidogo, kisha inaanza tena. Ikifika saa nane mchana nilikuwa nimeshajifunga kitambaa kibichi kwenye paji la uso. Nilidhani nina ugonjwa wa kichwa. Wiki ya kwanza baada ya kustaafu kichwa kiliacha kuuma, na hakijarudi.

Wiki hiyo hiyo niliikuta filamu ile tena, nikaona nilichopitwa nacho mara ya kwanza. Sehemu yake ya mwanzo ni hiyo taa. Joe anakaa chini ya tyubu zinazounguruma, ngozi yake imekuwa na rangi ya karatasi iliyoloa, bosi amekamatia simu na kurudia sentensi zile zile mpaka unatamani uingie ndani umpokonye. Joe amejiletea taa ya mezani apumzishe macho, bosi haitaki. Watu wengine wameandika kwamba sehemu hii inachosha. Inachosha kweli, na aliyewahi kukaa chumba kile atajua kwamba haijatiwa chumvi hata chembe. Waongozaji wengi hutuonyesha ofisi mbaya kwa dakika mbili, kisha wanatukimbiza kwenye mapenzi. Huyu ametuacha tukae humo mpaka kichwa kituume.

Kuna na jambo la lugha ambalo sijaona msomaji yeyote akiligusa. Joe anaingia kazini kiatu kimeachia, mwenzake DeDe anamuuliza kiatu kina nini, naye anajibu kwamba anapoteza soli. Kwa Kiswahili tunaona mtu mwenye kiatu kibovu, basi. Kwa Kiingereza neno la soli na neno la roho hutamkwa sawasawa. Mtu yule anasema roho yake inamtoka, na aliyemuuliza wala hajali. Aliyetegemea maandishi ya tafsiri chini ya picha hawezi kulipata hilo, na mzaha ukimpita mtu mara kumi ndani ya nusu saa, ana haki ya kuona filamu haichekeshi.

Lakini lile la "haiwezekani" nalipinga. Filamu inafunguka kwa maandishi ya hapo zamani za kale, paliondokea mtu aitwaye Joe. Hiyo ni paukwa. Sisi tumekua tukijibu pakawa, na ukishajibu pakawa humkatizi bibi katikati umuulize sungura alijifunzia wapi kusema. Kinachofaa kuulizwa ni kama msimulizi ametimiza ahadi zake. Katika filamu ya Groundhog Day ya 1993 siku moja ya Februari inajirudia asubuhi baada ya asubuhi, hatuambiwi sababu, na watu wameipenda kwa kuwa sheria ile haivunjwi mpaka mwisho.

Joe naye yuko hivyo hivyo. Wasomaji wawili wamecheka kwamba meli inazama katika tufani halafu mtu anaokolewa na masanduku ya nguo. Rudini nyuma kidogo mtazame tena dukani. Muuza masanduku, mtu makini kama anayeapisha mashahidi, anamweleza Joe kwamba sanduku lile halipitishi maji. Joe ananunua manne. Ahadi iliwekwa mbele ya macho yetu, tukaicheka, kisha ikatimizwa. Tazameni pia ule mstari uliopinda kama radi: upo kwenye nembo ya kampuni, kwenye njia ya kuingilia kiwandani, kwenye ufa wa ukuta wa chumba cha Joe, kwenye umeme unaoipiga meli, na mwisho kwenye njia ya kupandia volkano. Ni mstari ule ule. Aliyeandika kazi hii hakuwa anabahatisha.

Kuhusu Meg Ryan kuigiza wanawake watatu tofauti, wengine wamechanganyikiwa. Mimi nilipenda, hasa yule wa kwanza mwenye mafua. Sitabishana na mtu juu ya hilo.

Ninapokubaliana kabisa na wanaolaumu ni kisiwani. Wenyeji wa Waponi wamechorwa kama watoto: wanapenda soda ya machungwa kupita kiasi, wanamngoja mgeni aje afe kwa niaba yao. Filamu inajitetea kwa kusema ni mchanganyiko wa Wapolinesia, Waselti, Wayahudi na Walatini, kama vile ukichanganya watu wa kutosha hakuna atakayekasirika. Mimi nilikasirika. Na mwishoni kisiwa kinazama. Joe na Patricia wanarushwa juu na volkano, wanaangukia baharini salama, masanduku yanaibuka, wanapanga maisha. Watu wa kisiwa wamekwenda wapi? Hakuna anayewalilia. Hapo siwezi kusema ni paukwa pakawa, kwa sababu hata katika hadithi za bibi kijiji kikiangamia, lazima pawe na anayelia. Mwandishi aliyekumbuka mpaka ufa wa ukutani amesahau kijiji kizima. Hilo ndilo doa la filamu hii, na wasomaji waliolitaja wasirudi nyuma.

Mwandishi na mwongozaji wake ni John Patrick Shanley, ambaye tayari alikuwa na Oscar kwa kuandika filamu ya Moonstruck. Hii ilikuwa filamu yake ya kwanza kuiongoza, ikatoka 1990, na wahakiki wengi waliipokea kwa ubaridi. Hakuongoza nyingine mpaka Doubt ya 2008. Miaka 18! Ninapoifikiria idadi hiyo naona uchungu. Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa gazeti la Chicago Sun-Times, alikuwa miongoni mwa wachache walioitetea mapema. Aliandika kwamba alipokuwa anaitazama moyo ulianza kumwenda mbio, akagundua kuwa filamu hiyo hajawahi kuiona. Alimaanisha kwamba nyingine nyingi alikuwa ameshaziona, hata zile mpya. Wasomaji wanaoomba filamu za mapenzi zisizofanana, kisha wanaikataa hii kwa sababu haifanani, walifikirie hilo kidogo.

Na kuna mwezi. Meli imezama, Patricia amezirai juu ya masanduku, Joe anampa maji yote kidogo kidogo, yeye mwenyewe midomo imepasuka kwa jua. Usiku mwezi unachomoza kutoka baharini, mkubwa kuliko mwezi wowote, umejaa kioo kizima. Mtu aliyeambiwa anakufa anajikokota anasimama, anainua mikono, anamshukuru Mungu asiyemjua jina kwa uhai wake. Kisha anaanguka magotini. Hapana muziki wa kulazimisha machozi wala busu. Nimetazama filamu nyingi za mapenzi, na sijui nyingine iliyongoja hivyo, mtu aupende kwanza uhai wake ndipo apewe wa kumpenda.

Mwezi uliopita nilimwita mdogo wangu tuanze upya, kwa ahadi kwamba hazimi. Kwa daktari alifyonya lakini akavumilia. Patricia alipomuuliza Joe kuhusu daktari wa pili, alipiga kofi kwenye goti akasema, "Si nilisema!" Kuhusu kisiwa alikasirika kuliko mimi. Na ule mwezi anasema ni mkubwa mno, hakuna mwezi wa hivyo. Lakini alipokuwa anausema hivyo alikuwa ameshika shuka lile moja kifuani, hajalikunja.

Msomaji wako,
Karani mstaafu wa masijala