Barometa za kale zisisuguliwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua ili nipinge ushauri uliotolewa katika makala yenu kuhusu utunzaji wa vitu vya kale, mahali ilipozungumzia barometa za Kiingereza za karne ya 18 na 19, yaani vifaa vya zebaki vya kupimia mgandamizo wa hewa ili kubashiri hali ya hewa. Mwandishi aliwataka wenye vifaa hivyo wavisugue kwa dawa ya kung'arishia shaba mpaka bamba la namba limetemete kama dhahabu. Mimi ni fundi wa kukarabati samani hapa London, na mabamba yaliyofanyiwa hivyo yananifikia yakiwa yamekwisha kuharibika, kwa kuwa mengi ya mabamba hayo hayakukusudiwa kuwa ya manjano hata kidogo.

Fundi wa zamani alichonga mistari ya inchi na maneno ya hali ya hewa juu ya bamba la shaba, akajaza nta nyeusi katika michongo hiyo bamba likiwa na moto, kisha akalisawazisha hadi nta ikabaki ndani ya herufi tu. Hapo ndipo alipolisugua kwa mchanganyiko wa kloridi ya fedha, chumvi ya kawaida na ile chumvi chachu inayoganda ndani ya mapipa ya mvinyo, na fedha ikashika juu ya shaba kwa utando mwembamba mno, usio na kinga nyingine ila vanishi. Bamba ambalo halijachezewa lina weupe uliopoa, usiong'aa sana, na herufi zake nyeusi zinasomeka hata kwenye mwanga hafifu wa asubuhi ya baridi. Dawa ya shaba huumaliza utando huo kwa dakika chache na kuichimbua nta, na muuzaji asiye mwaminifu humwambia mteja kwamba hiyo ndiyo sura yake ya asili.

Makala pia ilitaka tutafute jina kubwa kwenye bamba. Ni kweli kwamba Daniel Quare, aliyepata hataza ya barometa ya kubebeka mwaka 1695, na Thomas Tompion, wote mafundi saa wa London, waliacha kazi za hali ya juu kabisa. Lakini barometa nyingi zenye umbo la banjo, ile ala ya muziki yenye shingo ndefu na tumbo la duara, zilitengenezwa na wahamiaji Waitaliano, wengi wao kutoka pande za ziwa Como, waliokuwa na karakana mitaa ya Holborn na Clerkenwell hapa London, na mara nyingi jina lililochongwa ni la muuza duka tu. Ningependa mnunuzi aifungue nyuma kwanza: ndani kuna mrija uliopinda, kizito cha kioo kinachoelea juu ya zebaki, na uzi wa hariri unaopita kwenye kapi na kuuzungusha mshale. Kwa njia hiyo, mwendo wa zebaki usiozidi inchi chache unageuka kuwa mzunguko mzima, mbinu ambayo mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke aliibuni katika miaka ya 1660.

Kwa msomaji anayefikiria kuipeleka nyumbani Afrika Mashariki, ajue kwamba vipimo vyake vilikusudiwa Uingereza, ambako mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka kati ya inchi 28 na 31 hivi za kimo cha zebaki mrijani. Dar es Salaam mshale utakaa karibu pale pale mwaka mzima. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, zebaki itasimama karibu na inchi 25, chini kabisa ya namba zilizochongwa.

Zaidi ya yote, makala haikusema neno lolote kuhusu zebaki, ambayo ni sumu. Barometa hizi hazilazwi chali wala hazitikiswi. Ile ya fimbo, yenye mrija ulionyooka badala ya mshale wa kuzunguka, huinamishwa polepole mpaka zebaki ijaze mrija, na hubebwa ikiwa imeinama hivyo hivyo, kwani zebaki ikigonga ncha kwa kishindo hupasua kioo. Naomba mchapishe sahihisho katika ukurasa ule ule uliobeba makala, ili walioikata na kuihifadhi walione.

Fundi samani,
London