Tasnifu ya panya si ya kuchekwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Kila yanapofika majira ya mahafali, picha za vijitabu vya wahitimu wa shahada ya uzamivu husambaa kwenye makundi ya WhatsApp. Mtu amezungushia mada moja duara jekundu, labda ni tezi za mate za mbung'o, labda ngeli za nomino katika lahaja ambayo hajawahi kuisikia, na chini yake ameandika: "Kodi zetu hizo!" Kicheko kinaanzia hapo. Siku hizi wamejiunga hata watu wazima wenye heshima zao, wanaotaka vyuo vyetu vichague maeneo machache "yenye tija", kama kilimo, madini, gesi na kompyuta, mengine yasubiri nchi itajirike kwanza.

Mimi nimezeeka na tasnifu. Nilikuwa mkutubi katika maktaba ya chuo kikuu kimoja, kwenye kile kitengo kinachopokea nakala zenye jalada gumu jeusi na maandishi ya dhahabu, kuzigonga muhuri na kuzipanga rafuni. Kwa hiyo nikiona watu wanacheka huwa naangalia wanacheka nini. Mara nyingi wanacheka ile ambayo mimi ningeifungua kwanza.

Tuanze na panya. Hapa Morogoro, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, walianza miaka ya 1980 kutega panya shamba, kuwatia alama, kuwaachia, kisha kuwatega tena. Walitaka kujua mvua za mwanzo wa msimu zikizidi, panya wataongezeka kiasi gani na mkulima atabakiwa na nini. Hebu fikiria mada hiyo kwenye kijitabu cha mahafali. Duara jekundu lingekosa kweli?

Mwishoni mwa miaka ya 1990 akatokea Mbelgiji mwingine, Bart Weetjens, ambaye fani yake ilikuwa ubunifu wa bidhaa. Aliwahi kufuga panya alipokuwa mtoto, akawaza kwamba pua zao zinaweza kunusa mabomu ya ardhini. Panya wa aina gani, hakujua. Aliyemwelekeza kwa panya buku ni Ron Verhagen, bingwa wa panya wa hapo Antwerp, kwa sababu panya buku huishi miaka mingi na kwa hiyo mafunzo yake hayapotei bure. Mwaka 2000 mradi wake wa kuwafunza panya hao ukahamia Sokoine, kwa watu waliokwisha kuwajua panya wa nchi hii nje ndani.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Panya anavishwa kijimkanda kifuani, kinaunganishwa na kamba iliyovutwa kati ya watu wawili, naye anatembea kwenda na kurudi huku pua iko chini. Akinusa baruti anakwaruza udongo. Wakati wa mafunzo husikia mlio mdogo, klik, na kupewa kipande cha ndizi. Ni mwepesi mno kulipua bomu. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi analimaliza kwa nusu saa hivi, wakati mtu mwenye mashine ya kutafuta chuma anaweza kulifanyia kazi siku kadhaa, maana mashine inapiga kelele kwa kila msumari na kizibo cha soda. Panya hana habari na vizibo. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa Tanzania, alifichua mabomu 71 huko Kambodia na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza, PDSA. Ndugu zake wamebaki kunusa makohozi ya watu wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu: sampuli 100 kwa dakika 20, na wanawapata wagonjwa ambao darubini ya zahanati iliwaambia wako salama wakarudi nyumbani.

Hakuna aliyepanga hivyo. Kama kamati fulani ya miaka ya 1980 ingeamua kwamba kuhesabu panya hakuna tija, Weetjens angekuja Morogoro asimkute mtu wa kuongea naye.

Mbung'o, wale inzi wanaoeneza ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe, nao ni hivyo hivyo. Tangu mwaka 1994 mbung'o dume waliofugwa Tanga walipigwa mionzi hadi wakawa tasa, wakamwagwa kwa ndege juu ya Unguja wiki baada ya wiki, mamilioni kwa mamilioni. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alionekana mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Hapo palihitajika mtu wa fizikia ya nyuklia na daktari wa mifugo, lakini kabla yao palihitajika mtu aliyekaa na kuchunguza ndoa za mbung'o akagundua kuwa jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani na huzaa buu mmoja mmoja. Mbinu nzima imesimama juu ya habari hiyo: jike akishapandwa na dume tasa, hazai. Habari hiyo pia ni tasnifu ya kuchekesha.

Najua nitaambiwa kwamba hizo zote ni sayansi, na angalau zimeishia kwenye ng'ombe na hospitali. Vigae vya vyungu je? Lahaja je?

Kwa miaka mingi watu wamebishana kuhusu asili ya Waswahili. Tarikh ya Kilwa, masimulizi ya kale ya historia ya mji huo, inasimulia wana wa wafalme wa Shirazi, huko Uajemi, waliokuja kwa majahazi. Wakoloni waliipenda hadithi hiyo kuliko wenyewe, wakasema miji ya mawe ya pwani ni kazi ya wageni. Wanaisimu wakaja na lao: Kiswahili ni Kibantu, ndugu wa karibu wa Kipokomo, Kimijikenda na lugha za Komoro. Waakiolojia wakachimba Shanga, magofu ya mji wa kale kisiwani Pate, Kenya, na chini ya msikiti wa mawe wakakuta misikiti mingine, ya chini kabisa ikiwa midogo ya miti na udongo. Halafu Machi 2023 jarida la sayansi la Nature likachapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa sehemu za pwani na jirani yake, kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Wengi wa wale wa miji ya pwani, zaidi ya nusu ya vinasaba vyao ilitoka kwa wazazi wa Kiafrika, hasa akina mama, na sehemu kubwa ya iliyobaki ikatoka kwa wanaume wa Uajemi, uchanganyikaji ukianza karibu na mwaka 1000. Kumbe Tarikh haikutunga yote, wala wanaisimu hawakukosea. Maabara peke yake isingejua mifupa ya kupima iko wapi, wala jibu lake linajibu swali gani. Na watu wameuana dunia hii kwa kubishania asili zao, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba jambo hili halina tija.

Sasa niseme linaloniuma zaidi. Rafu nilizozipanga hazikunitia wasiwasi kwa kuwa na mada nyingi za ajabu. Zilinitia wasiwasi kwa kufanana. Utafika wakati, nilikuwa nawaambia wanafunzi, nitaweza kuandika kichwa cha tasnifu nimefumba macho: "Mambo yanayoathiri" kitu fulani, nukta mbili, "uchunguzi kifani wa wilaya" fulani. Mwaka unaofuata inakuja ileile, wilaya imebadilika. Dodoso lilelile, majedwali yaleyale, na mapendekezo ya mwisho kwamba serikali itoe elimu kwa wananchi. Hizi hakuna anayezizungushia duara jekundu, kwa sababu zinasikika kuwa na tija!

Chanzo chake si uvivu wa vijana peke yake. Mwanafunzi asiye na fedha huenda zilipo. Mfadhili akija na mradi wa mabadiliko ya tabianchi, ndani ya miaka mitatu kila mtu ni bingwa wa tabianchi. Nchi za Umoja wa Afrika ziliahidiana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti. Ahadi hiyo ingetimizwa, yule anayetaka kusoma sauti za chura wa Uluguru asingelazimika kumgeuza chura kuwa "fursa ya ajira kwa vijana" ili apate nauli ya kupanda mlima.

Kwa hiyo Mhariri, nina ombi. Lipe gazeti lako nusu ukurasa kwa wiki, mhitimu mmoja aeleze kwa Kiswahili cha kawaida alichokitafuta, alivyokitafuta na alichokikosa. Msichague fani. Wiki hii mtu wa minyoo ya samaki, wiki ijayo mtu wa mashairi ya kale, inayofuata mtu wa hesabu ambaye hata msimamizi wake alimwelewa kwa shida. Hawatadai malipo, nina hakika, kwani wengi wao tangu siku ya kutetea tasnifu hawajaulizwa swali lolote na mtu yeyote. Na anayetaka kuwacheka aruhusiwe kuandika barua, ila iwe baada ya kuwasoma.

Wako,
Mkutubi mstaafu,
Morogoro